Kwa nini mdudu wa chini ya gome ni bapa?

Chukua kuni ya mgrevilea iliyolala uani Kibosho, juu ya Moshi, tangu masika, kisha ulibandue gome lake taratibu kwa ncha ya kisu. Likiachia, utaona ukungu mweusi umetapakaa juu ya mti, na katikati yake chembe ya kahawia, ndogo kuliko punje ya ufuta. Utaidhani takataka mpaka uione inakimbia.

Huyo huenda ni mbawakawa wa familia ya Laemophloeidae. Ina spishi zaidi ya 400 duniani, nyingi zikiwa na urefu wa milimita 1 hadi 5. Ukiwa na lenzi utaona mstari mwembamba kila upande wa kichwa na wa mabega, kama uliochanjwa kwa wembe. Ndiyo alama yao.

Na ubapa je? Mti ukifa, ngozi laini iliyo kati ya gome na mbao huoza, gome linaachia kidogo, kuvu wanaingia. Ufa huo, mwembamba kama kadi ya simu, ndio jiko la mdudu huyu na ndio nyumba yake. Chakula kiko humo, sisimizi mnene hapiti, ndege hamwoni. Mwenye mgongo wa duara angebaki mlangoni akinusa tu. Wapo ndugu zake wa Marekani, jenasi (yaani kundi la spishi za karibu) ya Narthecius, waliofuata njia nyingine: miili yao imerefuka kama njiti ili waingie kwenye vijia vilivyotobolewa na wadudu wengine.

Buu nao wana maajabu yao. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba buu wa Laemophloeus biguttatus huruka! Hung'ang'ania gome kwa kucha, hujikunja mpaka mwili ukaze, kisha huachia ghafla na kurushwa hewani akibingirika. Nimelisoma jambo hilo mara kadhaa na bado linanifurahisha.

Lakini ndugu wa familia hii tunaishi nao ndani. Jenasi ya Cryptolestes imehamia kwenye nafaka. Fukusi na dumuzi hutoboa punje nzima. Huyu wa Cryptolestes hupenya palipopasuka, akaanza na kiini, na mahindi yakiwa na unyevu hula na ukungu wake. Kwake gunia halitofautiani sana na gome: giza, nafasi finyu, kuvu. Kwa hiyo mahindi yaliyokauka vizuri na yasiyovunjika humpa tabu.

Ukitaka kumtambua, mwaga mahindi ya mwaka jana kwenye turubai juani. Fukusi hukunja miguu akajifanya amekufa. Huyu bapa hukimbia, vipapasio vyake virefu vikitangulia, mpaka afike kwenye pindo la turubai ajichomeke chini yake.