Wingu la Julai si mvua

Kipupwe kikiingia, hapa Arusha, kuanzia Sakina hadi Tengeru, sisi watu wa hali ya hewa tunaambiwa maneno yaleyale: "Wingu lote hili, halafu mnasema hakuna mvua?" Wiki hii kaniuliza mkulima ambaye tayari kanunua mbegu za maharage. Inaniuma, maana ile ni hela yake. Nimemwambia: kama una zamu ya mfereji, panda, kama unategemea wingu hili, subiri vuli.

Wingu linaloziba jua si lazima liwe nene. Waulizeni wapagazi wa njia ya Machame, Kilimanjaro. Julai wanatoka getini kwenye ukungu na manyunyu, lakini wakifika kambi ya Shira, zaidi ya mita 3,700, mara nyingi jua linawaka na mawingu yako chini yao. Juu ya mawingu hayo kuna hewa inayoshuka, na hewa ikishuka hupata joto na kukauka. Hewa baridi ya chini ikijaribu kupanda inakwama hapo kama imegonga dari. Wingu linatanda badala ya kurefuka, na wingu fupi linaishia kutoa manyunyu. Unyevunyevu wa kusi, upepo wa msimu huu kutoka kusini, nao sehemu kubwa inapitiliza: upepo unaongeza kasi pwani ya Somalia na kuelekea India.

Hata masika, wakati dari hiyo imelegea, upepo wa juu bado una kauli. Ndiyo maana nachoka kusikia kwamba kimbunga kikiwa baharini, basi mvua inakuja kwetu. Kimekaa wapi? Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande wa Madagascar, upepo wa magharibi ukavutwa kutoka Kongo, na Afrika Mashariki ikalowa kwelikweli. Machi 2019 kimbunga Idai kikakaa Msumbiji, unyevunyevu ukavutwa kusini, masika yakachelewa na wakulima wakatazama vumbi.

Vitabu vinasema upepo wa magharibi "huleta unyevunyevu wa misitu ya Kongo" na kuishia hapo. Sisi wataalamu wenyewe hatujakubaliana hivyo. Wapo wanaoona kwamba kazi yake kubwa ni kukutana na upepo wa mashariki na kuilazimisha hewa ipande, unyevunyevu ukiwa umetoka Bahari ya Hindi. Mimi nadhani yote mawili hutokea, kwa viwango vinavyobadilika siku hadi siku, na kuvitenganisha kwa vipimo vichache tulivyo navyo ni kazi ngumu mno.