Je, wajua kwa nini dawa ya sonona hukupa usingizi lakini haiondoi arosto ya Valium?

Mtu ametumia diazepamu, ile ambayo wengi wanaiita Valium, kila usiku kwa miaka 3. Sasa anaipunguza na usingizi umekata. Daktari anamwandikia amitriptilini ya miligramu 10, dawa ya sonona, ameze jioni. Usiku ule analala saa 6 mfululizo. Asubuhi anaamka mikono ikitetemeka na moyo ukimdunda kama jana. Kama usingizi umerudi, mbona arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa ulioizoea, iko pale pale?

Ni kwa sababu kuna njia zaidi ya moja ya kumlaza mtu, na dawa hizi mbili hazipiti njia moja.

Diazepamu na ndugu zake wa kundi la benzodiazepini (lorazepamu, klonazepamu, alprazolamu inayouzwa kama Xanax) hufanya kazi kupitia GABA, kemikali ambayo ubongo huitumia kujituliza. Dawa hukaa ubavuni mwa kipokezi cha GABA, yaani sehemu ya seli inayoipokea kemikali hiyo, na kuifanya GABA iliyopo iwe na nguvu zaidi. Kloridi huingia kwa wingi ndani ya seli ya neva, nayo seli hupunguza kurusha ishara. Ndiyo maana dawa hiyohiyo moja huleta usingizi, hulegeza misuli, hushusha wasiwasi na kukata degedege. Ukiimeza kwa miezi, ubongo hujipanga upya. Vipokezi huizoea dawa, na upande wa glutamati, ambao kazi yake ni kuchangamsha, huongeza nguvu ili kuleta usawa. Dawa ikiondolewa, kitulizo kimepungua na kichangamshi kimezidi. Hapo ndipo hutokea kutetemeka, jasho, kukosa usingizi, kelele na mwanga kuumiza, ganzi za kuchomachoma, na kwa aliyeacha ghafla, degedege linaloweza kuua.

Amitriptilini haigusi kipokezi hicho. Usingizi wake unatokana hasa na kuziba histamini, kemikali inayouweka ubongo macho; ni njia ileile ya dawa za mafua na mzio zinazomfanya mtu asinzie. Mirtazapini na trazodoni, nazo dawa za sonona, hufanya vivyo hivyo, tena zote mbili huziba baadhi ya vipokezi vya serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, vinavyoukatakata usingizi. Kwa hiyo taa imezimwa, lakini kelele zilizomo ndani ya nyumba hazijanyamazishwa.

Kutokana na hilo kuna jambo moja ambalo mgonjwa na anayemuuguza wanapaswa kulishika kabla ya yote: dawa ya sonona haizuii degedege la kuacha benzodiazepini. Amitriptilini na jamii yake hata huweza kumfanya mtu awe mwepesi zaidi kupata degedege, hasa dozi ikiwa kubwa. Bupropioni, dawa nyingine ya sonona ambayo wala haileti usingizi, ni mbaya zaidi kwa hilo na haifai kabisa wakati huu. Kulala vizuri siku 4 si ruhusa ya kuruka hatua na kukata diazepamu haraka. Kosa hili hutokea mara nyingi, na linaeleweka: mtu anapima hali yake kwa usingizi, na usingizi ndio kitu pekee kilichorekebishwa.

Kwa nini basi iandikwe?

Kwa sababu wanaoshindwa kuacha mara nyingi hushindwa usiku. Mtu aliyekesha siku 5 hurudi kwenye kidonge. Isitoshe, wengi walianza benzodiazepini kwa sababu ya wasiwasi au sonona ambayo haikuwahi kutibiwa yenyewe, na ugonjwa ule huibuka dawa inapopungua.

Ushahidi upo, ingawa si mwingi. Mwaka 2000 Karl Rickels na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio la zaidi ya watu 100 wenye wasiwasi uliopitiliza waliokuwa wametumia benzodiazepini kwa miaka mingi. Waliopewa imipramini, ndugu wa karibu wa amitriptilini, walifaulu kuacha kwa takriban asilimia 83. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 38. Mambo mawili katika jaribio hilo hayapewi uzito unaostahili. Imipramini ilianza wiki 4 kabla benzodiazepini haijaguswa, na dozi yake ilikuwa kamili ya kutibu ugonjwa, karibu miligramu 180 kwa siku, wala si kile kidonge kidogo cha kulalia. Timu hiyohiyo mwaka 1999 ilikuwa imejaribu trazodoni: wiki 5 baada ya kuacha, wengi zaidi walikuwa hawajarudi kwenye benzodiazepini, lakini ukali wa arosto haukupungua, na kufikia wiki ya 12 tofauti ilikuwa imefifia. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio ya aina hii yaliona dalili za faida kwa kundi la amitriptilini, lakini yalihukumu kuwa ushahidi ni dhaifu.

Tafsiri yetu ni hii: dawa ya sonona humsaidia mtu kuvumilia safari. Safari yenyewe haifupishi.

Ipi, na kiasi gani

Katika hospitali na maduka mengi ya dawa ya Afrika Mashariki inayopatikana kirahisi ni amitriptilini, kidonge cha miligramu 25. Kwa usingizi daktari huanzia 10 hadi 25. Hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake ikitoka baada ya saa 10 hadi 28, kwa hiyo ukiimeza saa 5 usiku utaamka na kichwa kizito. Imeze saa 1 au saa 2 usiku, mapema kuliko ulivyozoea kumeza Valium. Mate hukauka, choo huwa kigumu, na ukisimama ghafla kizunguzungu hukushika kwa sababu presha inashuka. Mwenye presha ya jicho, mwenye tezi dume iliyovimba na kukojoa kwa shida, au mwenye ugonjwa wa moyo asiimeze kabla daktari hajalijua hilo. Mzee anayepewa amitriptilini juu ya diazepamu anaweza kuanguka akienda msalani usiku, na nyonga ikivunjika katika umri huo ni msiba mwingine.

Mirtazapini huanzia miligramu 7.5 au 15 usiku. Huleta hamu kubwa ya kula, na kilo huongezeka. Wengine hupata miguu isiyotulia kitandani, wakadhani ni arosto. Trazodoni kwa usingizi huwa kati ya 25 na 100. Hutoka mwilini haraka, kwa hiyo asubuhi huwa nyepesi kidogo. Mwanamume ajue kwamba kwa nadra husababisha uume kusimama bila kulala. Zikipita saa 4, aende hospitali usiku huohuo bila kuona haya, maana kuchelewa huharibu kabisa.

Dawa nyingine za sonona, kama fluoksetini, si za kulaza. Wiki za kwanza zinaweza kuongeza wasiwasi, tena fluoksetini huzuia ini kuvunja diazepamu na amitriptilini, zikarundikana mwilini.

Mpangilio

Usianze dawa mpya wiki ileile unayopunguza ya zamani. Amitriptilini yenyewe inaweza kuleta jasho, mapigo ya haraka na kutetemeka kidogo, na ukichanganya mabadiliko mawili hutajua lipi limeleta nini. Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuacha benzodiazepini huko Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, alishauri dawa ya sonona ianze kwa dozi ndogo na ipandishwe taratibu, na wakati wa kuacha zote mbili, benzodiazepini imalizike kwanza. Kwa vitendo: shikilia dozi ya benzodiazepini ilipo kwa wiki 2 hadi 4, anza dawa ya usiku, ona inavyokukaa, kisha endelea kushuka.

Kushuka kwenyewe hupimwa kwa asilimia. Mwongozo wa pamoja wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2025 unasema kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila wiki 2 hadi 4, na kutozidi asilimia 25 kila wiki 2. Chukua mtu wa diazepamu miligramu 10. Akiwa na vidonge vya 5 na vya 2, hatua ya miligramu 9 ni kimoja cha 5 na viwili vya 2. Ya miligramu 8 ni vinne vya 2. Ya miligramu 7 ni kimoja cha 5 na kimoja cha 2. Miligramu 1 kutoka 10 ni asilimia 10. Lakini miligramu ileile 1 kutoka 5 ni asilimia 20, na kutoka 2 ni nusu nzima ya dozi. Ndiyo maana watu hushuka vizuri hadi 4 wakaanguka pale, wakajilaumu kuwa ni wadhaifu ilhali hesabu ndiyo iliyowaangusha. Kuanzia 5 kushuka chini, hatua ziwe za nusu miligramu: robo ya kidonge cha 2 kwa kikata vidonge, au dawa ya maji ikipatikana, ikipimwa kwa sirinji isiyo na sindano.

Dalili za kupunguza diazepamu huchelewa, hata siku kadhaa hadi wiki, kwa kuwa inatoka mwilini polepole. Za alprazolamu huja ndani ya siku 1 au 2. Ukihukumu hatua yako siku ya 3 kwenye diazepamu umehukumu mapema mno. Na hali ikiwa ngumu, baki hapo ulipo wiki 2 zaidi. Kupanda na kushuka kila siku kunauchanganya ubongo.

Dawa nyingine zinapoingia katikati

Hapa kwetu ndipo mambo huharibika bila mtu kujua.

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini livunje diazepamu haraka sana. Mgonjwa anameza kidonge kilekile, lakini damuni kimebaki kidogo, na arosto inamshika kana kwamba amekata dozi. Dawa ya usingizi nayo hupungua nguvu. Aliyeanza matibabu ya TB asitishe kushusha benzodiazepini na amweleze daktari wa kliniki hiyo. Matibabu ya TB yakiisha, ini hurudi kawaida baada ya wiki chache na dozi ileile huanza kuelemea.

Dawa mseto ya malaria, ALu, huenda kinyume. Lumefantrini iliyomo ndani yake huzuia kimeng'enya kinachovunja amitriptilini, na zote mbili hugusa umeme wa moyo. Malaria lazima itibiwe, hilo halina mjadala; mwambie anayekuandikia kwamba unameza amitriptilini, aamue kama ipunguzwe kwa siku hizo. ALu humezwa siku 3 lakini lumefantrini hubaki mwilini siku kadhaa zaidi. Dawa za VVU zenye ritonavir huongeza alprazolamu, trazodoni na amitriptilini.

Tramadoli, dawa kali ya maumivu, iepukwe. Peke yake huweza kuleta degedege, pamoja na dawa hizi huweza kuzidisha serotonini, na juu ya benzodiazepini hupunguza pumzi. Pombe nayo hupunguza pumzi. Kwa aliye kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kama wagonjwa wa kliniki iliyofunguliwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 na zilizofuata, mchanganyiko wa methadoni, benzodiazepini na amitriptilini unagusa pumzi na moyo kwa pamoja. Kliniki ijue kila kidonge, hata cha mtaani, na kipimo cha umeme wa moyo kifanyike.

Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja inaua kwa kusimamisha moyo, na siku za arosto mawazo ya kujiua yanaweza kuja kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo. Walio chini ya miaka 25 huhitaji uangalizi wa karibu zaidi wiki za mwanzo za dawa yoyote ya sonona. Boksi lisikae kando ya kitanda. Ndugu alishike, atoe vya wiki moja, mbali na watoto. Mawazo hayo yakija, mwambie mtu aliye karibu nawe na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Hospitali ya dharura pia ni kwa degedege, kuona au kusikia visivyokuwepo, kuchanganyikiwa pamoja na homa, au kuzimia. Beba vidonge vyote ulivyonavyo. Jambo la kwanza la kumwambia muuguzi ni kwamba ulikuwa unatumia benzodiazepini na umeipunguza lini, kwa kuwa tiba ya degedege hilo huwa ni kurudisha benzodiazepini.

Na dawa ya usiku yenyewe haiachwi siku ileile Valium inapoisha. Subiri miezi kadhaa hali itulie, kisha ipunguzwe kwa angalau wiki 4, zaidi kwa aliyeitumia muda mrefu. Ukikata amitriptilini ghafla utapata kichefuchefu, jasho na ndoto kali. Mirtazapini huweza kuleta kichefuchefu, usingizi kukatika na hata mwili kuwasha, kwa sababu histamini iliyozibwa miezi yote imefunguliwa kwa mpigo. Anayezipata siku hizo asidhani diazepamu imerudi kumdai, wala asirudi kuimeza.