Kusomea CCNA hakudai rundo la ruta

Wanaoanza kusomea CCNA, cheti cha Cisco cha mitandao ya kompyuta, huambiwa wanunue kwanza ruta na swichi halisi. Si kweli. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, hutolewa bure, na kompyuta mpakato ya kawaida huimudu: VLAN (kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa), OSPF (ruta kutafuta njia), NAT (kubadilisha anwani za IP), vyote unavisanidi humo, unavivuruga, unaanza upya. Ni kiigizaji, kwa hiyo baadhi ya amri za vifaa halisi hazimo, lakini kwa ngazi hii pengo hilo haliumizi sana. GNS3, programu nyingine ya kufanyia mazoezi ya mitandao, nayo ni bure, ila programu za ruta za Cisco haziji nayo. Hapo ndipo wengi hukwama. Ukitamani kushika waya kwa mkono, swichi moja ya mtumba, tuseme Catalyst 2960, pamoja na kebo ya konsoli (ya kuiunganisha na kompyuta ili uisanidi) vinatosha. Nyingi zina feni yenye kelele, basi usiiweke chumba cha kulala.