Panga saa kwanza, sufuria baadaye

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya lishe hapa Lamu nilikuwa nikiwapa kina mama karatasi yenye milo 21: siku saba, mara tatu kwa siku. Yai hapa, chungwa pale, samaki Jumanne, maini Alhamisi. Kwa protini na vitamini ilikuwa sawa kabisa. Mama mmoja wa mtaa wa Langoni, anayefanya usafi kwenye nyumba ya wageni kule Shela, alinirudishia karatasi yangu imekunjwa vizuri, akaniambia, "Dada, karatasi hii haijui mimi narudi nyumbani saa ngapi."

Alikuwa na haki. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi mashua, anarudi saa kumi na moja jioni. Watoto watatu wanarudi kutoka shule saa saba wana njaa, wanakula, wanakwenda chuoni. Baba ni mvuvi, kuna siku analala baharini. Anayeshinda nyumbani ni bibi, ambaye anaweza kuchagua mchele na kukoroga chungu, lakini magoti hayamruhusu kukalia mbuzi akakuna nazi.

Tangu hapo, nikikaa na familia siulizi kwanza wanapenda kula nini. Nauliza nani yuko nyumbani saa ngapi, na mkono wake unaweza kazi gani. Tunachora wiki nzima kwa saa, bila kutaja chakula hata kimoja. Karibu kila nyumba huonekana ina vipindi viwili tu vyenye nafasi ya kweli. Kwa mama huyu ni Jumapili asubuhi na Jumatano alfajiri, kwa kuwa Jumatano zamu yake huanza saa nne. Kazi zote nzito tukazipeleka huko: kuchemsha nafaka ngumu, kukuna nazi, kusaga kitunguu saumu na tangawizi, kusafisha dagaa.

Jumapili yake ni sufuria ya pojo, yaani choroko. Usiku wa Jumamosi analoweka kilo nzima. Pojo huiva hata bila kulowekwa, lakini zikilowekwa makaa yanapungua, na matumbo ya watoto hayajai gesi sana. Asubuhi anamwaga yale maji, anaweka mapya, anachemsha mpaka zipasuke kidogo. Hatii chumvi, hatii nyanya wala tui. Hapo ndipo ninaposisitiza kuliko mahali pengine popote. Ukiunga sufuria nzima kwa nazi, umejifunga kula mchuzi ule ule, na tui huchacha upesi kwenye joto letu. Zikiwa zimechemshwa tupu, zikagawanywa kwenye vyombo vidogo vya kina kifupi na kuingizwa kwenye friji pindi zinapopoa, zinakaa siku tatu bila wasiwasi. Jumatatu zinaungwa kwa tui, kitunguu na bizari, za kuliwa na wali. Jumanne zinakaangwa kavu na nyanya na pilipili mboga, za chapati. Jumatano mchana zinazobaki zinapondwa, zinatiwa majani ya kunde, zinaliwa na sima. Chanzo ni kimoja, lakini watoto hawalalamiki, maana mdomoni ni vyakula vitatu.

Bei nayo tuitazame kwa macho ya lishe. Nusu kilo ya pojo kavu ina takriban gramu 120 za protini. Nusu kilo ya samaki mzima, ukitoa kichwa, matumbo, magamba na mifupa, inakuachia nyama kama robo kilo, yaani gramu 50 hivi. Simwambii mtu wa Lamu aache samaki, na protini ya samaki mwili huitumia vizuri zaidi. Nasema tu kwamba samaki si lazima abebe mzigo wa kila siku. Pojo, kunde, mbaazi na maharagwe zikiliwa pamoja na wali, sima au chapati, kinachopungua kwenye nafaka kinajazwa na jamii ya kunde, na kinyume chake. Wazee wetu waliotupikia mbaazi za nazi kwa mahamri walituwekea mlo uliokamilika kwa protini.

Madini ya chuma yaliyomo kwenye pojo hayanyonywi kwa urahisi. Kamua ndimu kwenye sahani wakati wa kula, au weka vipande vya embe mbichi pembeni. Vitamini C huyafungulia njia. Usiikamue sufuriani ikichemka, kwa sababu moto unaiharibu. Na chai isubiri saa moja hivi baada ya chakula, hasa kwa mjamzito na kwa binti aliyeanza hedhi. Najua kwetu chai hufuata mlo kama kivuli, lakini inazuia chuma kile kile tulichokihangaikia.

Sasa wali. Mama huyu alikuwa akiamka saa kumi usiku kupika wali wa nazi, anaufunika, anaondoka, watoto wanaukuta saa saba mchana. Kwa upendo wake wote, hilo ndilo jambo lililonitia hofu zaidi katika wiki yake. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwenye moto wa kupikia. Wali ukikaa kwenye joto, mbegu zinaamka, zinazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haitoki hata ukipasha moto. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Hapa kwetu mimi napenda iwe pungufu. Basi tuligeuza mambo: mchele unachaguliwa na kupimwa usiku, bibi anautia jikoni saa sita, nusu saa umeiva. Tui jepesi la kuupikia limeshakamuliwa na liko kwenye friji tangu jana yake. Mama alipata usingizi wake. Kuhusu kiporo cha asubuhi, ambacho nami nakipenda: kile kilichoachwa sufuriani usiku kucha kisiliwe. Kile kilichoingia kwenye friji mapema, kikapashwa mpaka kinatoa mvuke, hicho sawa.

Samaki hana siku maalumu kwenye ratiba yangu tena. Msimu wa kaskazi, bahari ikitulia, anashuka bei na unaweza kumla mara tatu nne kwa wiki. Kusi ikivuma kwa nguvu, vyombo vidogo havitoki, na anayepatikana ni ghali. Kwa hiyo kwenye karatasi tunaandika "samaki akipatikana", na pembeni yake kitu kilichomo kabatini cha kushika nafasi yake. Wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, pweza huonekana kwa wingi. Hapo pweza mmoja anatosha mchuzi wa nyumba nzima, na bibi mwenyewe ana subira ya kumlainisha.

Kosa ninaloliona sana ni kununua samaki jioni ukitoka kazini, samaki aliyelala mezani tangu asubuhi bila barafu. Kwa samaki kama changu hilo ni baya, lakini kwa jodari, nguru na vibua ni baya zaidi. Nyama yao ikikaa kwenye joto hutengeneza kitu kinachowasha mwili, kinachofanya uso kuwa mwekundu na kichwa kugonga, na hakiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Nimewaona watu wakidhani wamepata mzio wa ghafla, kumbe ni samaki wa saa nyingi. Ni bora bibi au mtoto mkubwa anunue asubuhi vyombo vinaporudi, aparwe, atiwe chumvi na ndimu, aingie kwenye friji mara moja.

Nyumba isiyo na friji, na ziko nyingi, isijaribu sufuria ya Jumapili. Kwao maandalizi ni ya vitu vikavu: pojo zinapimwa kwenye mifuko ya siku moja moja, zinalowekwa usiku za kutosha kesho tu. Hapo ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, ni mkombozi. Anakaa wiki nyingi, kipande kidogo kinakoleza mchuzi mkubwa. Mloweke, mwage maji mara mbili au tatu chumvi itoke, na mwenye shinikizo la damu asimzoee.

Mboga nyingi za soko la karibu na Ngome ya Lamu huvuka maji kutoka bara, nyingine zimetoka Mpeketoni, zikifika zimeshachoka njiani. Mchicha nunua wa leo na kesho, basi. Boga, bamia na bilingani vinavumilia zaidi.

Ijumaa siigusi. Pilau ya Ijumaa ina heshima yake, wageni huingia baada ya swala, na mama anayeambiwa aifute ataifuta karatasi yangu kwanza. Nyama inunuliwe siku hiyo, mifupa ichemshwe supu ya Ijumaa usiku, na Jumamosi iwe muhogo wa nazi. Matumizi ya wiki yanarudi mahali pake.

Wengi huniambia kununua kwa wingi ni kwa wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Ni kweli, anayelipwa kwa siku hawezi kubeba gunia. Lakini kununua mchele na mafuta kwa vipimo vidogo kila jioni ndiko kunakomla zaidi. Tunafanya hivi: kila wiki kitu kimoja tu kinunuliwe cha mwezi mzima. Wiki ya kwanza pojo, ya pili mafuta, ya tatu unga, ya nne mchele nusu yake. Mama wa Langoni alianza na pojo kwa kuwa ndizo nyepesi kwa mfuko. Mwezi wa tatu hakuwa tena akienda dukani usiku na shilingi za mwisho mkononi.

Jumatano jioni yake ndiyo bado haijakaa sawa. Zamu ikianza saa nne inaisha saa mbili usiku, watoto wanakula bila yeye, na bibi amechoka. Nilipendekeza viazi vitamu vya kuchemsha na dagaa waliokaangwa alfajiri, wakapoa na kuwekwa kwenye friji, wapashwe tu. Bibi amekataa: viazi vitamu ni chakula cha asubuhi, si cha usiku, na wajukuu wake hawalali kwa viazi. Tumekubaliana wiki mbili tujaribu shelisheli la kuchoma badala yake, yeye mwenyewe akiwa msimamizi wa makaa.