شیر: simba, maziwa, na dhana potofu mbili
Wengi hudhani neno likiandikwa kwa hati ya Kiarabu basi asili yake ni Kiarabu, na kwamba tahajia moja ni neno moja. شیر inazibomoa dhana zote mbili. Mwarabu humwita simba asad, na maziwa halib; شیر ni Kiajemi.

Tena ni maneno mawili yaliyogongana. La simba lilitamkwa shēr, kutoka šagr ya Kiajemi cha Kati (lugha mama ya Kiajemi cha leo). La maziwa, shīr, ni ndugu wa kṣīra ya Kisanskriti. Hati haikuyatenganisha, kwani herufi ye (ی) hubeba ē (e ndefu) na ī (i ndefu) vilevile. Nchini Iran sauti hizo ziliungana, yote yakawa shīr (bomba la maji nalo ni shīr!). Wasemaji wa Kiajemi wa Kabul, Afghanistan, bado wanazitofautisha. Kiurdu kilichukua sher, na wengi humwita hivyo hata chui milia.

Kwenye kompyuta kuna mtego. Katika Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, ye ya Kiajemi ni U+06CC, ya Kiarabu U+064A. Katikati ya neno zote huwa na nukta mbili chini, huwezi kuzitofautisha kwa jicho, lakini utafutaji unaweza kutoka mtupu. Ikitokea hivyo, andika upya herufi hiyo kwa kibodi ya Kiajemi.