Folda na lebo za kompyuta: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Katika ofisi nyingi za Dodoma, kuanzia Mji wa Serikali wa Mtumba hadi ofisi za kata huko Bahi na Chamwino, masjala ya karatasi ina utaratibu unaoeleweka: barua ikiingia husajiliwa, huwekwa ndani ya jalada lake, na anayeihitaji hutaja Kumb. Na. tu. Kompyuta iliyo chumba cha pili mara nyingi haina utaratibu wa namna hiyo, na kwa maoni yangu sababu kubwa si uvivu wa watumishi, bali ni imani kadhaa kuhusu folda na lebo ambazo hakuna aliyewahi kuzihoji.

Dhana: Faili hukaa ndani ya folda kama karatasi inavyokaa ndani ya jalada.

Ukweli: Folda ni orodha. Inatunza jina la faili pamoja na kielekezo cha mahali data zilipo kwenye diski. Ndiyo maana video ya GB 3 ikihamishwa kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ileile, kazi huisha papo hapo, ilhali kuipeleka kwenye flashi huchukua muda mrefu: katika hali ya kwanza kilichobadilika ni orodha, na data hazikusogea.

Dhana: Faili ikihusu mambo mawili, iwekewe nakala katika folda zote mbili.

Ukweli: Hapa ndipo vurugu nyingi zinapoanzia. Tuchukue picha ya kisima kilichochimbwa Bahi, ambayo ni ya sekta ya maji, ni ya wilaya ya Bahi, na pia ni kiambatisho cha ripoti ya robo mwaka. Ofisa akiiweka mara tatu, atakuwa na faili tatu zisizojuana. Kwa picha hasara ni ndogo, lakini kwa bajeti ya Excel mambo huharibika, kwa sababu tarakimu ikisahihishwa katika nakala moja, nyingine mbili hubaki na kosa, na baada ya miezi miwili inakuwa vigumu kusema ipi ndiyo sahihi. Matokeo yake ni yale majina tunayoyafahamu sote: «Bajeti mpya», «Bajeti mpya FINAL», «Bajeti FINAL ya mwisho kabisa». Kinachofaa ni faili moja mahali pamoja, na kwingineko njia ya mkato inayoelekeza kwake. Hata Google Drive, ambayo iliwahi kuruhusu faili moja ionekane katika folda kadhaa, iliachana na mtindo huo mwaka 2020 na kuleta njia za mkato.

Dhana: Kadiri folda zinavyogawanywa zaidi, ndivyo mpangilio unavyokuwa bora.

Ukweli: Kila ngazi inayoongezwa ni uamuzi mmoja zaidi kwa anayehifadhi na swali moja zaidi kwa anayetafuta. Isitoshe, kwa kawaida Windows huweka ukomo wa herufi 260 kwa njia nzima ya faili, yaani diski, folda zote na jina lenyewe, hivyo folda saba zenye majina marefu ya miradi zinaweza kusababisha faili igome kunakiliwa. Ngazi tatu au nne zinatosha, mradi majina yaanze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Jina linaloanza na 2024-03-07 hujipanga lenyewe mahali pake. Linaloanza na 7-3-2024 litakaa jirani na la tarehe 7 Machi ya mwaka mwingine wowote.

Dhana: Lebo zimekuja kuziondoa folda.

Ukweli: Gmail ilipoanza tarehe 1 Aprili 2004 ilichagua lebo badala ya folda, na kwa barua pepe uamuzi huo ulikuwa mzuri, kwa kuwa ujumbe mmoja unaweza kubeba lebo «Maji» na «Bahi» bila kurudufiwa. Hata hivyo, watumiaji wengi hudhani kila lebo ina nakala yake. Kuondoa lebo hakufuti ujumbe, lakini kuufuta ujumbe ukiwa chini ya lebo moja huuondoa chini ya lebo zote.

Kwa faili za kawaida, udhaifu wa lebo ni kwamba haziaminiki safarini. Windows inaruhusu kuandika lebo ndani ya picha ya JPEG au waraka wa Word, lakini si ndani ya faili ya maandishi matupu. Lebo za rangi za Mac hazionekani kwenye Windows. Na picha ikitumwa kama picha kwa WhatsApp, maelezo yaliyofichwa ndani yake huondolewa, ikafika ikiitwa kitu kama IMG-20240307-WA0012. Lipo pia tatizo la watu wenyewe: mmoja ataandika «maji», mwenzake «visima», wa tatu «miradi ya maji», na kila mmoja akitafuta ataona faili za kwake tu. Bila orodha fupi ya lebo iliyokubaliwa na ofisi nzima, ni afadhali kutokuwa nazo.

Dhana: Kompyuta ina kitafutio, kwa hiyo kupanga ni kupoteza muda.

Ukweli: Kitafutio husoma maandishi. Barua iliyopitishwa kwenye skana bila kompyuta kuzitambua herufi zake ni picha tu, na kama imeitwa Scan0045, hakuna neno litakaloifichua.

Dhana: Faili zilizopangwa vizuri ziko salama.

Ukweli: Mpangilio na usalama ni mambo mawili tofauti. Kwenye Windows, faili inayofutwa kutoka kwenye flashi kwa kawaida haipiti kwenye pipa la taka, na folda inayooanishwa na hifadhi ya mtandaoni ikifutwa kwenye kompyuta moja, hufutika pia kwenye nyingine zilizounganishwa nayo. Nakala ya akiba ni ile iliyo kwenye diski ya pembeni, iliyochomolewa na kutunzwa chumba kingine.