Entropi peke yake haitofautishi jana na kesho

Kila nikifundisha sheria ya pili ya themodinamiki hapa Mtwara, kidato cha sita, hakosi mwanafunzi wa kuniambia kwamba mshale wa wakati, yaani tofauti ya jana na kesho, umeshaelezwa: entropi (kipimo cha wingi wa namna ambazo chembe za kitu zinaweza kujipanga) huongezeka, basi wakati unakwenda mbele. Wiki hii nimeyasikia kwa mwalimu mwenzangu wa fizikia, kwa sauti ya mtu aliyefunga mjadala. Jamani, haujafungwa!

Chukua moshi wa korosho zinazochomwa uani. Unatoka kwenye karai umesongamana, punde umetapakaa mtaa mzima, wala haurudi. Sababu ni kwamba namna za molekuli kutapakaa ni nyingi mno kuliko namna za kusongamana. Hapo wengi hufunga daftari.

Lakini hesabu hiyo haijui jana wala kesho. Kanuni za Newton ukizigeuzia wakati hubaki vilevile, na mwanafizikia Loschmidt alimbana mwenzake Boltzmann, mwenye hesabu hiyo ya kuhesabu namna, kwa hoja hiyo mwaka 1876. Ukiukuta moshi umetapakaa nusu, hesabu inayosema baadaye utatapakaa zaidi ndiyo hiyohiyo inayosema kwamba mwanzoni ulikuwa umetapakaa zaidi, ukajikusanya wenyewe! Tunajua si kweli, kwa kuwa karai tumeliona. Sheria ya pili haikutuambia kuna karai.

Kinachokosekana ni sharti la mwanzo: ulimwengu ulianza na entropi ndogo ajabu. Mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga, ambao Penzias na Wilson waliutangaza 1965, umelingana pande zote za anga, tofauti zake ni kama sehemu moja kwa 100,000; yaani mata ya mwanzo ilisambaa sawasawa. Msiniambie kulingana ni entropi kubwa. Kwa gesi ndani ya chupa, sawa. Palipo na graviti mambo hugeuka: mata iliyosambaa sawasawa ndiyo yenye entropi ndogo, na ikijikusanya hadi kuwa shimo jeusi, entropi hupanda kupita kiasi.

Kaoni, chembe ndogo zinazodumu muda mfupi sana, zinatofautisha pande mbili za wakati, ndiyo. CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, walilipima hilo 1998. Athari yake ni ndogo, na moshi haiuhusu.

Kwa nini mwanzo ulikuwa hivyo? Vitabu vya kiada vinanyamaza. Wapo wanaotaja inflesheni, yaani ulimwengu kupanuka kwa kasi mno mwanzoni kabisa, ila mwanafizikia Penrose amepinga kwamba inflesheni nayo hudai mwanzo wenye entropi ndogo. Naona ana haki, ingawa pendekezo lake mwenyewe, kwamba mwanzo una sheria yake ya pekee, bado halijanitosheleza.